UZI: Landstuhl, mji wa kabaila wa Kijerumani aliyetaka kumng'oa askofu mkuu, ngome ikamwangukia

Mpiga Kasia (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wa umri wangu mtaikumbuka Agosti 7, 1998, siku ya mabomu ya Nairobi na Dar. Baadhi ya majeruhi wa Nairobi walipakiwa ndegeni wakapelekwa Ujerumani, kwenye hospitali ya jeshi la Marekani mahali panapoitwa Landstuhl. Miaka yote nilidhani hilo ni jina la hospitali. Maisha yakaja kunitupa huku, kazi yangu iko Kaiserslautern, kama kilomita 15 tu, ndipo nikajua kwamba Landstuhl ni mji mdogo wenye vilima viwili vya kutazama. Kimoja kina hospitali hiyo, ipo tangu 1953. Kingine kina magofu ya ngome ya mawe mekundu inaitwa Nanstein.

Jumapili moja nikapanda kwenye magofu. Ndege za Ramstein, kambi ya ndege za jeshi la Marekani jirani hapa, zinapita juu ya kichwa kana kwamba zinataka kunyoa nywele, na mimi nimesimama mbele ya mabaki ya mnara wa duara wenye ukuta mnene kiasi cha kumfanya mtu ajiulize huyu bwana alikuwa anamwogopa nani hivyo.

Nimesoma miezi kadhaa. Leo nashusha. Ni habari ya Franz von Sickingen na kipande chake cha nchi. Si kifalme wala si kaunti, ni milki ya kabaila mmoja wa farasi, yaani wale Wajerumani wanaowaita Ritter.

Kigoda Cha Mbele

Nimeshavuta kiti mkuu. Shusha.

Binti Bukoba

Ritter si ndiyo ile chokoleti ya mraba? 😂

Mpiga Kasia

@Binti Bukoba dada, jina ni hilo hilo ila hawa walikuwa wachungu.

Twende. Kwanza tuelewane hawa watu walikuwa nani, maana mtu akisikia "Ujerumani" anadhani kulikuwa na nchi moja yenye serikali moja. Hakuna. Kulikuwa na Dola Takatifu la Kiroma, na ndani yake vitawala vya kila saizi: watemi wakubwa, maaskofu wenye majeshi, miji inayojitawala, abasia. Chini kabisa kwenye ngazi wakakaa hawa makabaila wa farasi. Mababu zao wengi walianza kama watumishi wa mabwana wakubwa, watu wasio huru kabisa, wakapewa farasi, silaha na kiwanja cha kuwalisha. Vizazi vikapita, mtumishi akawa bwana. Mwishowe wakadai hawana mkubwa juu yao isipokuwa Kaisari mwenyewe.

Hapo ndipo penye utamu. Mtu ana ngome moja, vijiji vinne, kinu na msitu. Lakini kwa sheria anasimama chini ya Kaisari moja kwa moja, sawasawa na mtemi wa Bavaria. Anahukumu, anatoza kodi, ana jela yake. Jirani yake mtemi hana ruhusa hata ya kumtumia tarishi na amri.

Ila bungeni kwenye Dola hawakuwa na kiti. Hilo liliwauma karne zote.

Msomi Wa Kijiweni

Kwa hiyo ni kama jumbe mwenye kijiji chake anayejibu kwa Sultani tu bila kupitia kwa liwali?

Mpiga Kasia

@Msomi Wa Kijiweni umekaribia, ila jumbe huyo awe na mizinga na amkopeshe Sultani hela. Maana Sickingen alifika huko.

Amezaliwa 1481 katika ngome ya Ebernburg, kaskazini ya hapa, karibu na Kreuznach. Ukoo wenyewe jina lake limetoka kijiji cha Sickingen, upande wa pili wa mto Rhine. Babu zake walikuwa na kipaji kimoja kikubwa, nacho ni kuoa vizuri. Mama yake aliletea nyumba urithi wa ukoo mwingine uliokuwa unaisha. Landstuhl nayo ilikuja hivyo hivyo, sehemu kwa sehemu, hisa kwa hisa, maana ngome za zama zile zilimilikiwa kama ploti ya urithi ya ndugu kumi. Franz ndiye aliyekuja kuishika yote.

Baba yake akafa kwenye vita vya urithi wa Landshut, mwaka 1504 kuingia 1505. Vita hivyo hivyo ndivyo vilivyomnyofoa mkono Götz von Berlichingen, yule aliyetengenezewa mkono wa chuma. Walijuana hawa. Mchanganyiko wa majina yao utauona sana mitandaoni, kwa hiyo tusiuanze hapa.

Sasa Franz alipata wapi hela? Ardhi peke yake haikutosha. Machimbo karibu na Ebernburg yalimpa kitu. Lakini biashara yake hasa ilikuwa ugomvi wa watu wengine.

Kigoda Cha Mbele

Fafanua hapo kwenye ugomvi wa watu wengine.

Mpiga Kasia

Ndiyo naingia.

Kulikuwa na desturi ya zamani: ukidhulumiwa na mahakama haikusaidii, unaruhusiwa kutangaza vita binafsi. Unatuma barua ya uadui, unangoja siku tatu, unaanza kuchoma na kuteka. Mwaka 1495 mkutano wa Dola katika mji wa Worms ukapiga marufuku kitu hicho milele na kuanzisha mahakama kuu ya Dola. Kwenye karatasi.

Franz akaona soko. Worms walikuwa wamemfukuza mthibitishaji wa mikataba mmoja, Balthasar Schlör, na kumnyang'anya mali. Franz akamchukua, madai yake yakawa madai ya Franz. Mwaka 1515 akaiteka mashua ya watu wa Worms waliokuwa wanateremka na mto kwenda kwenye maonyesho ya biashara ya Frankfurt. Kaisari Maximilian akamtoa nje ya sheria, kila mtu ruksa kumuua. Miaka miwili tu baadaye, huyo huyo Kaisari anamwajiri. Katikati hapo alikuwa amekwishaonja posho ya mfalme wa Ufaransa.

Mwaka 1518 ndio mwaka wake. Anausogelea mji wa Metz na jeshi la mamluki, Metz wanalipa guldeni 20,000, sarafu za dhahabu za zama zile, aondoke. Anageukia Hesse, ambako mtemi ni mtoto wa miaka 13 anaitwa Philipp, baba amefariki, watu wa ikulu wanagombana. Anaibana Darmstadt, analipwa ahadi ya guldeni 35,000.

Mkumbukeni huyo mtoto. Atarudi.

Mwaka 1519 watemi saba wanakutana Frankfurt kumchagua Kaisari mpya. Jeshi la Franz limepiga kambi jirani, limelipwa na upande wa Karolo wa Hispania. Karolo akashinda. Sisemi jeshi ndilo lililopiga kura, hela za akina Fugger, matajiri wa kukopesha wafalme, ndizo zilizopiga, ila kambi ya askari nje ya dirisha husaidia mtu kufikiri.

Mzee wa Ngano

Aisee huyu ni kampuni ya ulinzi iliyogeuka kampuni ya mikopo.

Jicho La Tatu

Mimi naona chai imejaa hapa. Nilivyosoma mimi, Sickingen alikuwa shujaa wa Matengenezo ya Kanisa, mtetezi wa Luther. Wewe unamfanya jambazi wa barabarani.

Mpiga Kasia

@Jicho La Tatu hoja nzuri, nayo si ya kupuuza.

Kuanzia mwaka 1520 aliishi naye mshairi Ulrich von Hutten, kabaila mwenzake, maskini wa hela na tajiri wa maneno. Jioni walikaa Ebernburg Hutten akimsomea maandiko ya Luther. Hutten ndiye aliyeiita ngome ile Nyumba ya Wageni ya Haki. Walijificha pale wahubiri waliofukuzwa kwao, ibada ikaanza kusomwa kwa Kijerumani. Aprili 1521 Luther akiwa njiani kwenda kuhojiwa Worms, alitumiwa mwaliko: usiende, njoo Ebernburg. Mwaliko uliletwa na mtawa kijana aliyeitwa Martin Bucer. Luther akakataa, akaenda Worms.

Huyo Bucer ndiye anayenivutia mimi kuliko wote. Mwaka uliofuata Franz alimpa parokia ya Landstuhl. Padre wa mji huu mdogo. Na mwaka huo huo 1522 akamwoa Elisabeth Silbereisen, aliyekuwa mtawa. Padre kuoa mtawa, mwaka 1522, kwenye kimji cha kabaila! Hebu fikiria maneno ya kisimani siku ile. Baadaye Bucer akawa mwalimu mkubwa wa kanisa la Strasbourg, akafia Cambridge. Alipita hapa chini ya ukuta ule ninaousema.

Kwa hiyo ndiyo, imani ilikuwepo, siikatai. Ila niambie, mtu aliyewahi kuishi kwa kubana miji, akisoma kwamba mali za maaskofu hazina msingi katika Biblia, moyo wake unaruka kwa sababu ya Biblia au kwa sababu ya mali? Nadhani hata yeye asingeweza kutenganisha.

Jicho La Tatu

Sawa, hapo umenipata nusu. Endelea na Trier.

Mpiga Kasia

Agosti 1522 makabaila wa Rhine ya juu wanakutana Landau, wanafunga mkataba wa udugu wa miaka sita, Franz ndiye kapteni. Wana kinyongo cha kweli: watemi wanawameza, mahakama ni za watemi, bei zinapanda na kodi za vijijini ziko palepale.

Mwezi haujaisha anatangaza vita dhidi ya askofu mkuu wa Trier, Richard von Greiffenklau. Kisingizio? Watu wawili wa Trier walikuwa wametekwa, Franz akasimama dhamana ya fidia yao, wakaachiwa, halafu hawalipi. Deni la guldeni elfu chache. Anaishika Blieskastel, anaishika St. Wendel, Septemba 8 yuko mbele ya Trier.

Siku saba tu. Septemba 14 anafunga virago. Baruti imekwisha, askari wa kuongezea wamezuiwa njiani na Hesse, na watu wa mjini hawakuinuka kumuunga mkono kama alivyotegemea. Askofu mwenyewe alivaa silaha akakagua kuta. Cha ajabu, hata yeye Greiffenklau alizaliwa katika ukoo wa makabaila wa farasi kama Franz. Mwenzake kabisa. Mmoja alipitia kanisani akawa mtemi mwenye kura ya kumchagua Kaisari, mwingine akabaki na ngome na madeni.

Oktoba akatolewa nje ya sheria kwa mara nyingine. Safari hii hakuna Kaisari wa kumwokoa. Karolo yuko Hispania, na hela ambazo Franz alikuwa anamdai kwa vita alivyompigania dhidi ya Ufaransa hajalipwa.

Binti Bukoba

Na yule mtoto wa miaka 13?

Mpiga Kasia

@Binti Bukoba dada ulikuwa unasikiliza. Sasa ana miaka 18.

Aprili 1523 watemi watatu wanakuja Landstuhl na mizinga: askofu mkuu wa Trier, Ludwig, mtemi wa Palatinate, nchi iliyomzunguka Franz, aliyekuwa mlezi na mwajiri wa Franz kwa miaka, na Philipp wa Hesse. Franz angeweza kukimbia. Hakukimbia. Alikuwa ametumia miaka mitano kuiongezea Nanstein ngao mpya, mnara mkubwa wa duara uliojengwa mahsusi kupambana na mizinga. Hesabu yake ilikuwa ashike miezi kadhaa mpaka marafiki wafike na askari.

Mnara ule ulipigwa kuanzia mwisho wa Aprili, na ndani ya siku chache ukabomoka. Saruji za chokaa zilikuwa hazijakauka vizuri, ndivyo wengi wanavyoeleza. Mimi nimeupapasa ukuta, mawe yake ni ya mchanga mwekundu, ukikwaruza kwa ufunguo unabaki na unga kidoleni. Sasa lete risasi ya chuma hapo.

Akiwa amesogea kutazama ufa uliobomolewa, mzinga ukapiga tena. Mbao zikaruka, zikampasua ubavu. Wakamlaza katika chumba kilichochongwa ndani ya mwamba, ambacho mapokeo ya pale hadi leo yanakionyesha. Akasalimu amri. Mei 7 watemi wote watatu wakaingia chumbani kumwona. Masimulizi ya zama zile yanasema askofu alimuuliza, nilikukosea nini hata ukanivamia mimi na watu wangu maskini? Akajibu kwamba hilo lina maneno mengi, na sasa anakwenda kujibu kwa bwana mkubwa zaidi. Akafa siku hiyo hiyo. Miaka 42. Kumbukumbu ya kaburi lake iko kanisa la Mtakatifu Andreas, hapo mjini chini.

Ebernburg ikaangushwa mwezi uliofuata. Hutten alishatorokea Uswisi, akafa Agosti mwaka huo kwenye kisiwa cha ziwa la Zürich, mgonjwa na hana kitu. Upande wa Frankonia, mashariki ya huku, Muungano wa Swabia, yaani umoja wa watemi na miji ya kusini, ukachoma ngome 23 za makabaila mwaka huo huo, moja baada ya nyingine kama mtu anayezima mishumaa.

Halafu mwaka 1524 Greiffenklau akaagiza mzinga mpya. Unaitwa Ndege Griffin, yule mnyama wa hadithi nusu tai nusu simba, ni mchezo wa jina lake, una uzito wa tani 9 hivi. Umeandikwa ubavuni kwa mashairi, kwa maana hii: jina langu Griffin, namtumikia bwana wangu wa Trier, akiniagiza nguvu nitapasua minara na kuta, Simon alinisubu. Ninyi mnaokaa Koblenz nendeni mkauone, uko ngome ya Ehrenbreitstein.

Mzee wa Ngano

Kwa hiyo huo ndio mwisho wa milki ya Landstuhl?

Mpiga Kasia

@Mzee wa Ngano hapana mzee wangu, na hii ndiyo sababu hasa ya mimi kuanzisha uzi. Vijitabu vingi vinafunga mlango hapa. Milki haikufa. Iliishi miaka 270 zaidi bila yeye.

Mwaka 1542 watoto wake wakarudishiwa ardhi. Wakajenga upya ngome kwa mtindo wa kistaarabu, madirisha mapana, ngazi nzuri. Hakuna tena aliyetangaza vita na mtu. Na ukoo wa mlinzi wa wahubiri ukarudi Ukatoliki. Waligundua njia nyingine ya kuishi: kujipanga. Makabaila wa farasi wakagawana kanda tatu, Swabia, Frankonia na Rhine, mwaka 1577 wakaziunganisha kwenye chama kimoja chenye makatibu, sanduku la hela na wanasheria. Kwa Kaisari hawakulipa kodi, hapana, walilipa "mchango wa hisani", kwa hiari kabisa, kila alipouomba. Kaisari naye akapata watu wadogo mia kadhaa wanaomtegemea yeye peke yake. Mtemi akinyoosha mkono kwenye kijiji cha kabaila, kesi inakwenda Vienna kwenye mahakama ya Kaisari na kukaa huko miaka ishirini.

Mwisho wa karne ya 18 walikadiriwa familia kama 350, vipande vya ardhi 1,500 hivi, raia wapata 400,000 wote kwa pamoja.

Ngome yenyewe iliangushwa tena na majeshi katika vita vya karne ya 17, haikuinuka. Lakini mabwana waliendelea kuitawala Landstuhl na vijiji vyake, Kindsbach, Bann, Queidersbach, Linden na vinginevyo. Uwanda wa juu kusini ya mji mpaka leo unaitwa Sickinger Höhe. Ukoo ukagawanyika matawi, likatokea tawi lenye mwanakemia, Karl von Sickingen, balozi wa Palatinate jijini Paris. Alichezea madini ya platinamu mpaka akaweza kuyafua na kuyavuta waya, na Mozart alipokuwa Paris mwaka 1778 alikuwa mgeni wa nyumba yake. Toka kubana Metz hadi kumkaribisha Mozart, vizazi kadhaa tu.

Mkulima Asiyelipwa

Mkuu umetaja mabwana, maaskofu, washairi na ndege Griffin. Wale raia 400,000 walikuwa wanakula nini?

Mpiga Kasia

@Mkulima Asiyelipwa nimekubali kosa.

Kwa mkulima, kuwa na bwana mdogo kulikuwa na sura mbili. Bwana mdogo hana jeshi la kudumu, kwa hiyo mwanao hachukuliwi kuwa askari. Ila bwana mdogo anakujua kwa jina, anajua una kuku wangapi.

Katika mabonde haya ya kusini-magharibi mambo yalikuwa hivi. Kuna zaka ya mavuno. Kuna shokoa, siku kadhaa unakwenda na ng'ombe wako kulima shamba la bwana, kukata kuni zake, kubeba mawe ya ngome yake. Unga husagi popote isipokuwa kinu chake, na mwenye kinu anachota chake kwanza. Msitu ni wa bwana, nguruwe pori akila mtama wako unamtazama tu. Na mzee akifa, kabla watoto hawajamaliza kulia, mtu wa bwana anaingia zizini kuchagua mnyama aliye bora. Siyo mbovu. Aliye bora.

Miaka miwili baada ya Franz kufa wakulima nao waliinuka, eneo lote hili, 1525. Makabaila waliobaki wengi wao walisimama upande wa watemi kuwakandamiza. Wale wale waliokuwa wakilia watemi wanawaonea.

Msomi Wa Kijiweni

Mwisho wake ukaletwa na nani basi? Napoleon?

Mpiga Kasia

Huku magharibi ya Rhine ni Wafaransa wa mapinduzi hata kabla Napoleon hajawa Napoleon kamili. Walivuka miaka ya 1790, ikafika 1798 Landstuhl ni sehemu ya mkoa wa Kifaransa wa Mont-Tonnerre, sheria za kikabaila zimefutwa. Baada ya Napoleon eneo likapewa Bavaria.

Mashariki ya Rhine watemi walianza kunyakua vijiji vya makabaila mwaka 1803, mkataba wa Julai 1806, ule wa watemi waliojiunga na Napoleon, ukamaliza. Kuna mmoja aliyepiga kelele, Freiherr vom Stein, mwenye vijiji viwili tu, Frücht na Schweighausen. Nassau walipomwingizia askari, Januari 1804 aliandika barua kali ya wazi kwa mtemi wao. Mtu huyo huyo mwaka 1807 akiwa waziri wa Prussia ndiye aliyetoa amri ya kufuta utumwa wa wakulima. Mniambie ninyi mnaojua saikolojia, ile hasira ya vijiji viwili ilikwenda wapi.

Jicho La Tatu

Nafuta neno chai. Swali la mwisho: hayo magofu mtu anaweza kufika bila gari? Nina semina Mannheim mwezi ujao.

Mpiga Kasia

@Jicho La Tatu unafika vizuri. Treni ya kupitia Kaiserslautern, shuka Landstuhl, ukitoka stesheni kilima kiko mbele yako, huwezi kukipotea. Kwa miguu ni mwinuko wa kukutoa jasho, ndani ya ngome ngazi zimechongwa kwenye mwamba na mvua ikinyesha zinateleza, kwa hiyo acha viatu vya semina hotelini. Ukifika mnara mkubwa zunguka upande wa nje, utaona unene wa ukuta pale ulipokatika. Niambie siku, nikiwa sina shifti nakuja na chupa ya chai. Ya kweli hiyo.